Ukuta Juu ya Sindano

Bi Zubeda alisema hashuki, na akishasema neno ndiyo basi. Marehemu mumewe, Mzee Tajudini, aliyekuwa na duka la vitenge chini ya nyumba hiyohiyo katika mtaa wa Asiatiki, Bujumbura, alizoea kuwaambia wateja kwamba ni rahisi kuurudisha mto Ntahangwa mlimani kuliko kumrudisha mke wake kwenye neno alilokwisha kulitamka.

Sasa Mzee Tajudini hayupo, duka limefungwa, na Bi Zubeda yuko juu ghorofani, kitandani, tangu miguu ilipomkataa. Anayemtunza ni Asiya, binti yake mkubwa. Asiya ndiye anayemwogesha, anamsuka nywele, anampelekea uji akiwa ameshaupoza, kwa sababu mama yake anapenda uji usiochoma wala usiopoa. Kila anapopanda na sinia, Asiya anageuka pale kwenye kona ya ngazi, mahali penyewe pembamba, anajiambia: mzee huyu anaishi kama ndege kwenye tundu. Harufu ya vitunguu inamfikia, vitunguu vyenyewe havioni. Vicheko vya wanawake wa uani anavisikia, lakini anayecheka hamjui mpaka aulize.

Ndipo Asiya akapata lile wazo. Duka la zamani litakuwa chumba cha mama. Na ukuta wa duka unaotazama uani, wenye kidirisha kimoja tu kidogo, utakatwa mlango mpana, mpana wa kupitisha kitanda na watu wawili pembeni yake. Asubuhi mama atasukumwa nje, akae na wenzake, aonje chumvi ya mchuzi, awagombeze wajukuu akiwaona usoni. Jioni atarudishwa ndani.

Wazo zuri, ila lilikuwa na mwiba. Ukuta huo wa duka ndio uliobeba ukuta wa chumba cha Bi Zubeda, na dirisha lake, na paa lake. Kukata pale chini ni kukata chini ya kitanda chake.

Massoudi, mdogo wake Asiya, fundi wa malori kule Buyenzi, akasema mama aje kwake mpaka kazi iishe. Mke wake ameshatandika. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa moyo wake mwema, halafu akamwambia, "Apana. Mi siendi kulala kwa watu. Mutanibeba mara moja, siku ya kunishusha chumbani kwangu. Nikibebwa tena baada ya hapo, iwe ni kwenye jeneza."

Basi, Asiya akawa na kazi ya kumtafuta fundi atakayekubali kukata ukuta wakati mama yake amelala juu yake.

Fundi wa kwanza alicheka akaondoka. Wa pili alikuwa Salvator, mtu wa Kanyosha, mrefu, mwembamba, asiyevua kofia ila kanisani. Yeye hakucheka. Aliuzunguka ukuta ndani na nje, akawa anaugonga kwa vifundo vya vidole na kutega sikio, kama mama anayegonga boga. Kisha akaomba apande amsalimie mwenye nyumba.

Bi Zubeda alimpokea ameketi, kanga mpya begani. Akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya Kanyosha. Halafu akamuuliza, "We fundi. Ukikata huko chini, utaniwekea nini?"

"Nitakuwekea chuma, Mama. Kwanza vyuma vidogo vya kukushika, halafu vikubwa vya kukubeba."

"Na ukikosea?"

Salvator akafikiri. "Nikikosea, Mama, mi ndio niko chini."

Bi Zubeda alicheka mpaka akakohoa, akamwambia Asiya amletee fundi chai.

Siku ya kazi, Salvator alianza kwa kutoa tofali moja tu, upande wa ndani. Alilitoa taratibu kwa tindo, kama mtu anayetoa jino la mtoto. Tofali lilipotoka, akaingiza mkono kutafuta tofali la nyuma yake, na pale lilipopaswa kuwa vidole vikakuta hewa tupu. Akamwita Asiya.

Asiya alidhani wamepata nyoka. Salvator akawasha taa ya simu, akampisha.

Alichokiona hakukisahau. Ukuta haukuwa mmoja. Zilikuwa kuta mbili, za tofali mojamoja, zimesimama zikitazamana, na kati yake giza jembamba la kupitisha kiganja, likipanda juu hadi macho yasipofika. Vyuma vidogo vilivyosokotwa vimetoka ukuta huu kwenda ule, kimoja hapa, kingine kule, kama watu wawili walioshikana ncha za vidole. Matone ya chokaa ya wajenzi wa kale yalikuwa yameganda pale yalipodondokea. Na kutoka ndani ikamjia hewa usoni, baridi, kama hewa ya mdomo wa mtungi.

Salvator akamweleza. Nyumba hii ilijengwa na Mgiriki, zamani za Wabelgiji, na watu wale waliliogopa jua la bonde la Rusizi. Ukuta wa nje unapigwa na jua na mvua, lakini ule wa ndani haupati habari. Asiya akakumbuka jinsi chumba cha mama kinavyokuwa baridi hata Septemba, wakati mtaa mzima umelala sakafuni. Miaka yote walisema ni baraka za Mzee Tajudini.

Fundi akakiri kwamba lau angeuamini unene wa ukuta, angeagiza boriti moja nene ya chuma. Boriti hiyo ingeubeba ukuta wa ndani, na wa nje ungebaki yatima. Sasa zitatakiwa boriti mbili, kila ukuta na yake, zilale sambamba na ziunganishwe kwa vipande vya chuma, zisije zikaachana.

Lakini kabla ya boriti, sindano. Ndivyo Salvator alivyoviita vile vyuma vifupi ambavyo vingetobolewa njia kupita kuta zote mbili, ncha moja itokee dukani na ya pili uani. Chini ya kila ncha isimame nguzo ya mkaratusi, na chini ya kila nguzo pakae jeki, ili fundi aweze kukaza kidogo au kulegeza kidogo. Jeki hizo aliziomba kwa Massoudi, akasisitiza: za kuzungusha, si za mafuta.

Massoudi alizunguka garaji za Buyenzi siku nzima. Alirudi na jeki za kuzungusha za kila rangi ya kutu, na moja ya mafuta kwa sababu hakupata nyingine. Akaipiga kofi ile ya mafuta kwa mapenzi, akasema hii imeinua Fuso iliyojaa ndizi za Cibitoke, itashindwaje na ukuta. Salvator aliitazama sana. Akaiweka upande wa uani, pembeni kabisa, akaonya isiguswe.

Sindano zikapita. Jeki zikakazwa, robo kwa robo, mpaka kila chuma kikakaa chini ya ukuta kama kiganja chini ya kidevu. Kisha wakaanza kutoa matofali yaliyo chini ya sindano, safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini.

Majirani walikuja. Wa kwanza Olga wa nyumba ya pili, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kisha wengine nyuma yake, kisha hata watu waliokuwa wanakwenda zao bandarini. Hakuna aliyewaita. Mwanga ulikuwa unaingia katika duka ambalo tangu lijengwe lilikuwa linawasha taa mchana. Kwanza ulikuwa mstari, kisha ukawa kitambaa, kisha uani kote kukaingia ndani, pamoja na kamba ya nguo na beseni na kuku. Na juu ya mwanga huo, ukuta. Ukuta mzima, na dirisha lake, na pazia la Bi Zubeda likipepea, umekaa hewani. Ukiinama ungeona matumbo ya matofali ambayo hayajaona jua tangu siku yalipopangwa.

Asiya alijikuta ameshika mdomo. Alikuwa amelala na kuamka katika nyumba hii maisha yake yote, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza kuta zinabebwa na nini. "Subhanallah," alinong'ona. Olga akamgusa kiuno. "Shoga, nyumba yenu imepandisha gauni."

Watu wakacheka, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaocheka msibani.

Asiya alipopeleka uji, alimkuta mama yake amelaza kichwa ukutani, macho yamefumba. Akadhani amelala. "Mwambie Olga mi sivai gauni," mama akasema. Ule uwazi wa katikati ulikuwa unapandisha maneno yote kama bomba. Bi Zubeda alisikia tindo, alisikia minong'ono, alisikia hata fundi akihesabu pumzi zake. Akasema ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwake kujisikia yuko mahali watu walipo.

Ijumaa ilifika boriti zikiwa zimelala uani, zimeshafika kutoka Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, bado vile vipande vya kuziunganisha tu. Fundi wa kuchomelea alikuwa anasubiri umeme. Kabla ya adhuhuri umeme ukarudi, na anayeujua umeme wa Bujumbura anajua kwamba ukirudi hausubiriwi. Salvator akabeba vipande vyake akaenda mbio. Wasaidizi wake wakaenda kula.

Massoudi alipita akiwa njiani kwenda kuswali, kanzu imepigwa pasi, manukato shingoni. Alitaka kumsalimia mama tu. Lakini fundi wa malori hawezi kuipita jeki bila kuitazama, na ile ya mafuta, pale pembeni, aliiona imeshuka. Kidogo, unene wa ukucha. Jeki za mafuta ndivyo zilivyo, zinachoka polepole. Na kila fundi wa Buyenzi anajua dawa yake: unaipampu, inarudi. Massoudi hakuona kwamba amekatazwa. Aliona anasaidia. Akakunja mkono wa kanzu, akashika mpini, akapampu mara moja, mara mbili, na kwa kuwa alikuwa anakwenda msikitini na hakutaka kuiacha imelegea, akaongeza.

Asiya alikuwa anaanika nguo. Alisikia mlio, tak, kama ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti. Alipogeuka, aliuona ufa ukizaliwa. Ulitokea pale kwenye sindano ya pembeni, ukapanda ukuta wa nje kwa ngazi ngazi, tofali hadi tofali, bila haraka, ukaelekea kwenye dirisha lenye pazia. Vumbi jekundu likamwagika kwenye kanzu ya Massoudi.

Massoudi aliganda, mkono kwenye mpini. Kisha akaipapasa ile skrubu ndogo ya kufungulia mafuta, ashushe alichokipandisha, na Asiya akamshika mkono kwa nguvu zake zote. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba kilichopandishwa kwa pupa kisishushwe kwa pupa.

Akampigia Salvator simu. Salvator alisikiliza, akauliza ufa umefika wapi, akasema mtu asiguse kitu. Asiya hakungoja amalize. Alikuwa ameshapanda ngazi, amemkumbatia mama yake kwapani, anamvuta. Bi Zubeda alikuwa mzito, na alijifanya mzito zaidi.

"Nani amegusa?" akauliza.

"Massoudi. Mama, twende."

Sauti ya Salvator ilikuwa bado inatoka kwenye simu iliyoanguka shukani. Alisema, mutu asipande, mutu asishuke, na aliyeko juu akae pale alipo kama maji ndani ya sinia. Ngazi imeegemea ukuta ule ule. Wakianza kubebana pale kwenye kona watautikisa upasuke zaidi.

Asiya akakaa. Kumwacha mama yake hakuweza, na kumtoa hakuruhusiwa, basi akakaa ukingoni mwa kitanda. Dirishani aliuona mwisho wa ufa ukichungulia chini ya kizingiti, mwembamba kama unywele. Akafikiria chini yake pale palivyo: godoro, mbao za sakafu, kisha mwanga mtupu.

Bi Zubeda akauchukua mkono wa binti yake, akauweka ukutani, chini ya mkono wake mwenyewe. Ukuta ulikuwa baridi. Kisha, baada ya muda ambao Asiya hakuweza kuupima, wakamsikia Salvator. Hakuwa chumbani, alikuwa chini kabisa, lakini sauti ilipanda ndani ya ukuta ikawatokea kwenye viganja. Hakugomba. Alitaka kwanza kabari, akazigonga pembeni ya jeki mbaya, ili ikishuka ghafla nguzo ipate pa kutua. Halafu ndipo akasema na Massoudi.

"Ulifikiri ni Fuso. Lori unalinyanyua. Ukuta haunyanyuliwi, ndugu yangu. Unapokelewa."

Walimsikia Massoudi akivuta pumzi ya pua, kama alivyokuwa akifanya utotoni akikaripiwa.

"Sasa shika hiyo skrubu. We ndiye unaijua jeki hii, mi siijui. Nikisema, fungua kama unataka tone moja la mafuta. Moja. Buhoro, polepole."

Na hapo ndipo Asiya alipousikia ukuta. Si kwa masikio tu. Kulikuwa na mkoromo mdogo, wa ndani, uliopita chini ya viganja vyao kwenda juu, kisha ukarudi, kama mtu mkubwa anayegeuka usingizini. Mchanga ukaporomoka mahali fulani katika lile giza jembamba, ukaporomoka safari ndefu. Salvator akasema tena buhoro. Ukageuka tena. Mzigo wote ule, matofali ya Mgiriki na paa na mama na binti, ulikuwa unarudi mahali pake tone kwa tone, na watu wawili huko chini walikuwa wanaungoja wameukingia mikono.

Asiya alitazama dirishani. Ule unywele chini ya kizingiti ulikuwa umejifunga.

"Ametulia," alisema Bi Zubeda, kama mtu anayezungumza habari za mtoto.

Swala ya Ijumaa ilimpita Massoudi. Alikimbia mpaka Buyenzi na kanzu yake ya vumbi, akakopa jeki ya kuzungusha chini ya lori lililokuwa juu ya magogo, akarudi. Salvator akabadilisha. Kisha akapaka mabonge madogo ya plasta kuvuka ule ufa, matatu manne, akamweleza Asiya kuwa hao ni mashahidi: ukuta ukisogea hata kidogo, plasta itapasuka na kusema. Asiya aliwalinda mashahidi wale jioni hiyo na asubuhi yake kuliko alivyowahi kulinda maziwa jikoni. Hakuna shahidi aliyesema kitu.

Jumamosi waliinua boriti. Vijana wa garaji walikuja wenyewe, pengine kwa aibu ya mwenzao. Walizinyanyua moja moja, shingo zimetoka mishipa, ya kwanza chini ya ukuta wa ndani, ya pili chini ya wa nje, ncha zake zikalala kwenye vitako vya zege vilivyomwagwa pande mbili, na vile vipande vya chuma vikaziunganisha. Salvator alishindilia sima, saruji iliyokorogwa kavukavu, katika nafasi iliyobaki kati ya chuma na tofali, akaigonga kwa ubao mpaka ikalia kama jiwe. Jumapili alikwenda misani na hakuna aliyegusa kitu. Siku zilizofuata ziliachiwa sima ikomae. Olga aliuliza kila asubuhi kama gauni bado liko juu.

Ilipokomaa, jeki zikalegezwa, robo kwa robo, moja ndani, moja nje. Asiya alikuwa juu tena. Hakuombwa, alitaka mwenyewe kuwa pale, kiganja ukutani, kando ya cha mama. Walisikiliza sana. Hawakusikia kitu. Salvator alipowaita kutoka uani kwamba sindano ya mwisho imetoka, walitazamana hawaamini, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imehamia kwenye miguu mipya na glasi ya maji mezani haikutikisika.

Bi Zubeda alishushwa siku iliyofuata, kwenye kiti, Massoudi mbele na Salvator nyuma. Kwenye ile kona ya ngazi alifumba macho. Chini walimweka kitandani pake papya, wakaanza kumsukuma kuelekea kwenye uwazi. Uani wanawake wamekaa, mikeka imetandikwa, Olga amevaa vitenge vya sikukuu. Boriti zilikuwa bado hazijafunikwa kwa plasta.

Kitanda kilipofika katikati, nusu ndani nusu nje, aliinua mkono wasimame.

Akatazama juu. Aliona vyuma viwili vyeusi vimelala sambamba, kila kimoja na ukuta wake mgongoni, na kati yake ule uwazi uliompandishia sauti za watu, giza jembamba lililopanda moja kwa moja hadi kule alikokuwa amelala miaka yote. Alilitazama kwa muda mrefu. Salvator akavua kofia.

"Basi niacheni hapahapa," alisema. "Hao wenzangu ndio waje."

Asiya alitaka kumwambia kwamba nje kuna upepo, kwamba mikeka iko kule, kwamba hapa ni chini ya mzigo wote. Badala yake alileta kigoda chake akakiweka pembeni ya kitanda, chini kabisa ya zile boriti. Aliangalia juu mara moja. Kisha akachukua chungwa, akaanza kummenyea mama yake.